Kuwasifu Wanafunzi Nisiowajua

Mwalimu Hamida, anayefundisha Kiswahili katika shule nilikostaafu juzijuzi, ndiye aliyenitaka niandike haya. Alisema walimu wapya walikuwa hawachoki kuniuliza namna ya kuandika barua za mapendekezo, zile ambazo vyuo huomba kutoka kwa mwalimu kabla ya kumpokea mwanafunzi, nami nikiwajibu katika chumba cha walimu mdomo ukiwa umejaa chapati, kwa hiyo hakuna aliyeelewa. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kemia, na Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi, mahali nilipozaliwa. Yeye ni wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walikuja Kampala na Kiswahili cha pwani kikiwa kimekunjwa vizuri kwenye mizigo yao. Mimi changu nilikiokota kwenye uwanja wa gwaride.

"Wewe andika tu, Mwalimu Laker," akasema. "Ngeli niachie mimi."

Basi mkikutana na sentensi iliyonyooka, mshukuruni Hamida. Makosa ya tabia ni yangu mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia maabara nikiwa nimevaa koti jeupe nililoshonesha kwa fundi mzuri, lenye mifuko mitatu na jina langu kifuani kwa uzi wa buluu. Mzee Lutaaya, fundi wa maabara, alikuwa akisuuza chupa. Alinitazama kuanzia kola mpaka pindo, kisha, akiniita bibi kwa Kiganda, akasema kwa upole, "Nnyabo, hilo koti litakufaa kwa picha. Hapa kuna asidi." Nikacheka kama mtu aliyetoka chuo kikuu. Kabla ya saa ya chakula mfuko mmoja ulikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Lutaaya hakuwa na shahada yoyote, lakini karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii nilikipata kwake. Alinifundisha kuandika lebo za chupa kwa penseli, maana wino ukimwagikiwa hukimbia na kukuachia chupa zisizo na majina. Alinifundisha pia kutoiamini bureti kabla ya kuijaribu. Kwa wale wa masomo ya sanaa, bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo na koki chini, unaotumika kudondoshea kimiminika kidogokidogo huku ukisoma kimetumika kiasi gani. Unaijaza maji, unafunga koki, unaweka karatasi kavu chini yake, unasubiri. Karatasi ikilowa, bureti hiyo ni mwongo. Nilifanya jaribio hilo kila muhula kwa miaka minne hivi. Kisha nikawa mzoefu, nikaacha. Uzoefu umeniponza mara nyingi kuliko ujinga.

Barua za mapendekezo nazo nilizirithi siku za mwanzo. Msichana mmoja wa kidato cha sita alinijia akitaka barua, nami sikujua hata pa kuanzia. Nikaenda kwa makamu wa mkuu wa shule, akafungua kabati la chuma, akanipa karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba mwandishi amemfahamu mwanafunzi huyu kwa muda mrefu, kwamba ni mwenye nidhamu, bidii na heshima kwa wakubwa, kwamba hushirikiana vyema na wenzake, na kwamba chuo kitakachompata kitakuwa na bahati. Mahali pa jina palikuwa na nukta nyingi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani inamhusu malaika fulani aliyewahi kusoma hapo. "Hiyo inatosha kwa wote," makamu akaniambia. "Badilisha jina tu."

Nilibadilisha jina tu kwa miaka mingi. Kompyuta zilipokuja nilihisi nimeendelea sana, kwani sasa ningeweza kuwasifu wanafunzi kumi katika muda niliokuwa nikimsifu mmoja. Mvivu alikuwa na bidii. Mgomvi alikuwa na heshima kwa wakubwa. Yupo kijana mmoja aliyewasha moto kwenye kapu la takataka la maabara, naye pia alishirikiana vyema na wenzake. Wanafunzi walinishukuru, wazazi walinishukuru, na sikuwahi kupata malalamiko hata mara moja. Nikachukulia kwamba mimi ni hodari wa barua.

Sasa nimtaje Akello, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Akello alikuwa binti wa sajini wa polisi, wakiishi kwenye nyumba za polisi kule Naguru. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikaa kiti cha pili kutoka dirishani. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wa kambi huitambua kwa wenzao hata wakiwa wazee kama mimi. Zaidi ya salamu, nilikuwa ninamjua kama mnavyolijua jina lililo katikati ya orodha.

Muhula mmoja niliwapa zoezi la vitendo la kupima asidi kwa bureti. Kwa kawaida mwalimu hufanya zoezi kwanza, na jibu lake ndilo linalotumika kusahihishia. Mimi nilipata ishirini na nne nukta nane. Darasa zima likapata ishirini na nne nukta nane, au jirani yake wa karibu sana, jambo lililonifurahisha, ingawa lilipaswa kunitia wasiwasi. Kumbe wanafunzi walikuwa wamechungulia daftari langu mezani na kupika majibu. Akello peke yake aliandika ishirini na tatu nukta moja.

Nilimwita mbele. "Rudia."

Akarudia. Ishirini na tatu nukta moja.

"Wenzako arobaini wamekosea, wewe ndiye umepatia?"

"Sijui wenzangu, Madam. Mimi nimeandika nilichokiona."

Nilikuwa nimechoka, na darasa lilikuwa likicheka. Nikampa sifuri, tena nikamwambia abaki aoshe vyombo vyote vya kioo. Akaviosha. Siku mbili baadaye Lutaaya alinifuata akiwa ameshika bureti niliyoitumia mimi. "Hii inavuja kwenye koki," akasema. "Polepole sana, lakini inavuja." Matone yaliyopotea chini mimi niliyahesabu kuwa yametumika. Jibu langu lilikuwa kubwa kuliko ukweli. Akello alikuwa amepatia, na mimi na wapishi wangu arobaini tulikuwa tumekosea.

Nilimwambia Lutaaya aitoe ile bureti kazini. Sikumwambia Akello neno. Niliirekebisha alama yake kimyakimya kwenye rejista, nikajihesabu kuwa mtu wa haki.

Mwaka uliofuata Akello aliomba nafasi katika chuo kimoja cha nje pamoja na ufadhili wa masomo. Mwenzake wa kiume aitwaye Tendo aliomba chuo kilekile. Wote wawili walikuja kwangu wiki moja, nami nikawaandikia alasiri moja. Ya Tendo nilianza nayo. Ya Akello niliitoa humo humo kwenye ya Tendo nikabadilisha jina. Kiswahili kingeniokoa, maana kwetu "yeye" ni yeye, awe mwanamke au mwanamume. Lakini barua zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza hutaka kujua. Katika aya ya pili Akello alikuwa amegeuka mvulana, na akabaki mvulana mpaka saini yangu.

Majibu yalikuja kwa barua pepe, ya adabu sana. Walisema wamepokea barua mbili zinazofanana kuhusu waombaji wawili tofauti, na wanaomba kujua ni yupi hasa ninayemzungumzia. Waliongeza kwamba kwa hali hiyo hawawezi kuzitumia, na kwamba muda wa kuomba ufadhili wa mwaka ule ulikuwa umekwisha.

Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali ambapo kosa ni la mtu mwingine.

Tendo hakuumia sana, alikuwa na nafasi tayari katika chuo cha hapa nyumbani na kwake hadithi ile ilikuwa kichekesho. Kwa Akello haikuwa hivyo. Chuo kile ndicho pekee alichokuwa amekiomba, kwa sababu ndicho kilichokuwa na ufadhili wa kila kitu. Nilimweleza kule maabara, nikiwa nimesimama nyuma ya meza kama mtu anayejikinga. Hakulia. Aliniuliza tu, "Madam, utamwambia baba, au nimwambie mimi?"

Nikasema nitamwambia mimi. Nililisema haraka kabla ya kuwa na busara.

Nilikwenda Naguru Jumapili mchana. Nilipopita kwenye lango la nyumba za polisi miguu yangu ilijua njia, ingawa kambi niliyokulia ilikuwa nyingine. Sare zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, na kila redio ilikuwa inasema lugha yake. Sajini alikuwa nje ya mlango wake, akipiga pasi shati la kazi kwa pasi ya makaa. Akello alinitolea kiti. Nilieleza kila kitu, barua mbili zinazofanana, jina lililobadilishwa, msichana aliyegeuka mvulana. Sajini hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mkono wa kulia wa shati, akaenda wa kushoto.

"Madam," akasema mwishowe, kwa Kiswahili chetu cha kambini, "mimi kazi yangu ni kuandika statementi. Mutu nakuja, nasema, mimi naandika ile yeye nasema. Kesho mutu mwingine nakuja. Siwezi kupa yeye statementi ya mutu ya jana."

"Ni kweli, afande."

"Sasa nauliza. Wewe najua mutoto yangu?"

"Ninamjua. Ni mwenye nidhamu, bidii, ana heshima kwa wakubwa..."

Nilijisikia nikisema. Ile karatasi ya kabatini ilikuwa inatoka mdomoni mwangu yenyewe. Akello aliangalia chini, mabega yakimtikisika, na kwa muda nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Hiyo iko kwa barua," Sajini akasema. "Nauliza wewe."

Jambo moja tu la kweli nilikuwa nalo kuhusu yule msichana, na lilikuwa ni lile nililokuwa nimelificha. Nikalitoa. Nilimweleza baba yake habari ya bureti, alama sifuri, vyombo nilivyomlazimisha kuosha, na jinsi nilivyogundua kwamba alikuwa sahihi nikafunga mdomo.

Pasi ilisimama.

"Nilijua, Madam," Akello akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba inavuja. Nilipoiosha niliijaza maji, nikaona inadondoka. Ndipo nikampelekea Mzee Lutaaya."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akafikiri kidogo. "Ulikuwa umekasirika. Nikaona bora bureti itengenezwe kuliko mimi nisifiwe."

Sajini aliinua shati, akalitazama kwenye mwanga, akalitundika. Kisha akasema, "Hiyo sasa ndiyo statementi. Andika hiyo."

Kuiandika hakukuwa rahisi kama alivyodhani. Rasimu yangu ya kwanza ilisema kwamba katika zoezi fulani chombo kimoja kiligunduliwa kuwa na hitilafu. Nilimpa Lutaaya asome, kwa kuwa ndiye aliyekuwa shahidi. Akaisoma akiwa amevaa miwani yake iliyofungwa kwa waya.

"Nani aligundua?"

"Akello."

"Hapa haisemi. Na nani alikuwa anaitumia?"

"Mimi."

"Hapa haisemi. Nani alimpa mtoto sifuri?"

"Lutaaya, unaelewa ninachojaribu kufanya?"

"Naelewa," akasema, akinirudishia karatasi. "Unataka asifiwe, lakini wewe usiwepo. Bambi, pole, bila wewe hapo yeye hakufanya kitu."

Alikuwa amesema kweli. Ujasiri wa Akello ulikuwa na maana kwa sababu upande wa pili alisimama mwalimu mwenye hasira, na mwalimu huyo alikuwa na jina. Nikaandika upya, nikitumia neno "mimi" mara nyingi kuliko nilivyowahi kulitumia katika maandishi rasmi. Mimi nilikosea. Mimi nilimwadhibu. Mimi nilijua nikanyamaza. Yeye alirudia kipimo mbele ya darasa lililomcheka, akapata jibu lilelile, akakataa kulibadilisha. Akaosha vyombo, akapata ushahidi kwamba ana haki, akautumia kutengeneza kifaa na si kuniaibisha. Sikuweka neno "bidii" hata mara moja. Barua ilikuwa nusu ya urefu wa ile ya zamani, na ilinichukua siku nne.

Kisha nikaipeleka kwa mkuu wa shule ipigwe muhuri. Aliisoma, akavua miwani.

"Laker, unataka niweke muhuri wa shule juu ya kosa la shule?"

"Ni kosa langu, si la shule."

"Watasema maabara yetu ina vyombo vibovu."

"Ina vyombo vibovu. Na ina mwanafunzi anayeweza kuviona."

Alinipendekezea tuandike "mwalimu mmoja". Nikakataa. Akapendekeza tuondoe ile sehemu ya kunyamaza kwangu, kwa faida yangu mwenyewe. Hapo, naungama, nilisita. Faida yangu mwenyewe ni jambo ambalo nimekuwa nikilithamini maisha yangu yote. Lakini nilikumbuka pasi ya makaa ilivyosimama, nikasema hapana. Aliikalia barua siku tatu. Siku ya nne niliikuta juu ya meza yangu ikiwa na muhuri, na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wake: "Wizara wakiita, utakwenda peke yako."

Wizara hawajaita mpaka leo.

Ilibidi Akello asubiri mwaka mzima, na huo mwaka ni mimi niliyemnyang'anya. Sitaki msomaji asahau, kwa sababu mimi mwenyewe hupenda kusahau. Alifanya kazi katika duka la dawa Kabalagala, akipanga dawa kwa tarehe za kuharibika, huku nje baa zikipiga muziki tangu alasiri. Safari hii aliomba vyuo vitatu. Kile cha kwanza kilimkataa tena, kwa hiyo msidhani kwamba ukweli hufungua kila mlango. Cha pili hakikujibu. Cha tatu kilimchukua, pamoja na ufadhili. Alikwenda kusoma kemia, naye sasa anafanya kazi katika maabara inayopima maji. Hunitumia salamu kila mwaka, na hunikumbusha kubadilisha koki.

Wiki aliyopata majibu, baba yake alikuja shuleni akiwa na sare, kiasi kwamba darasa langu zima lilikaa wima bila kuambiwa. Nikatoka nje. Alikuwa na nakala ya barua yangu, imekunjwa mara nne.

"Akello nasomea mimi yote," akasema. "Hapa iko saini. Ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Hakuna mutu nalazimisha wewe?"

"Hakuna."

Akaikunja tena, polepole. "Miaka yote hii naandika statementi. Sijaona bado mushitakiwa najiandikia yake mwenyewe, tena bila kuulizwa mara mbili." Akanipa mkono, akaondoka. Katika kazi yangu yote nimepewa vyeti kadhaa vyenye fremu, na sijui viko wapi.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuchosha. Nilianza kubeba daftari na kuandika humo kitu kimoja nilichokiona kwa kila mwanafunzi: nani aliuliza swali baada ya kengele, nani alirudisha mtihani akionyesha kwamba nimempa alama asizostahili (walikuwa wawili tu katika miaka yote), nani alimfundisha mwenzake bila kumdharau. Niliwahubiria wanafunzi kwamba barua nzuri haiombwi wiki ya mwisho. Ukitaka mwalimu akuandikie vizuri, mpe cha kuandika mapema: njoo na swali, kosea mbele yake, urudi umelifanya upya. Mfanye akuone ukifikiri. Nikawahubiria na walimu wenzangu, ambao walijifunza kumaliza chai haraka. Niliwaambia kwamba kama humjui mwanafunzi, mwambie hivyo usoni, umpeleke kwa mwalimu anayemjua, hata kama ni wa kilimo au wa michezo. Barua baridi kutoka kwa mwalimu maarufu haimsaidii mtu. Nilijiona nimeiva.

Ndipo muhula wangu wa mwisho akaja Nabirye.

Nabirye nilikuwa nimemfundisha miaka miwili. Alikuja maabara wakati wa chakula, akaniomba barua kwa ajili ya chuo cha kilimo na vyakula. Nikafungua daftari langu tukufu mbele yake. Kwenye ukurasa wake nilikuta neno moja nililoliandika mwaka uliotangulia. Lilikuwa "Yupo."

Nikafuata mahubiri yangu mwenyewe. "Nabirye, sikujui vya kutosha. Nikikuandikia nitadanganya. Nenda kwa mwalimu anayekujua."

Hakusogea. "Nani, Madam? Wote wanajua wale wanaoongea."

"Basi ulipaswa kuja mapema."

"Nimekuja sasa," akasema, bila ukali. "Bado una wiki tatu hapa. Nijue."

Miaka thelathini na ushee kazini, na sikuwa nimewahi kufikiria upande huo. Niliwaambia wanafunzi namna ya kujitengenezea barua, kana kwamba kuona ni kazi yao. Nilimwambia aketi. Nikamwuliza anafanya nini akiwa hayuko shuleni, swali ambalo lingenigharimu nusu dakika wakati wowote katika ile miaka miwili. Akasema humsaidia mama yake kuuza nyanya Kalerwe.

"Kuuza tu?"

"Kuchambua. Mama anasema mimi nina jicho."

Jumamosi asubuhi nilikwenda soko la Kalerwe, nikapita kati ya marundo ya kabichi na matope mpaka kwenye meza yao. Nabirye alikuwa amepanga makasha matatu: nyanya za leo, za kesho kutwa, na za wanunuzi wanaozipeleka mbali. Alizigeuza moja moja, akizitupia mahali pake bila kusita. Nikamwuliza kwa nini hazichanganyi.

"Iliyoiva inaziharakisha nyingine," akasema. "Inatoa hewa fulani. Uliitaja darasani, Madam, siku moja tu, ukapita."

Kweli niliitaja. Ipo kitabuni, mstari mmoja. Yeye alikwenda nayo nyumbani. Alifunga nyanya mbichi kwenye mfuko pamoja na ndizi iliyoiva, nyingine akazifunga peke yake, akaandika siku kwa mkaa kwenye ubao wa kasha. Akarudia kwa wiki nyingi, mpaka akajua ni ngapi za kutenganisha na wakati gani. Mama yake, aliyekuwa akizitupa nyingi kila wiki, sasa alizitupa chache. Wakati huohuo mimi nilikuwa nikifundisha habari za hewa hiyo kila mwaka, na nyumbani kwangu huweka ndizi na nyanya kwenye bakuli moja, kisha nalaumu soko.

Ili nisionekane mtu wa kutazama tu, nikaanza kujichagulia nyanya za kununua. Nilichagua kumi. Mama Nabirye akanitazama, akanyoosha mkono, akatoa nane.

"Nnyabo," akasema, "wewe nafundisha mutoto yangu?"

"Mimi."

"Kale, haya." Akaniwekea nane nyingine. "Nafikiri yeye nafundisha wewe."

Barua ya Nabirye niliiandika katika wiki yangu ya mwisho. Niliweka ubao wa kasha, mkaa, na ile siku moja niliyotaja jambo nikapita. Niliweka pia lile neno "Yupo", kwa sababu bila hilo wasingeelewa ni umbali gani msichana yule alitembea bila mtu kumtazama. Mkuu wa shule wa sasa aliipiga muhuri papo hapo; nadhani alikuwa ameonywa juu yangu. Majibu hayajatoka ninapoandika haya, nami siwezi kuwaahidi kwamba yatakuwa mazuri.

Sasa sina darasa. Jumamosi huenda Kalerwe kununua nyanya, na Mama Nabirye huniuzia kwa sharti moja tu, kwamba nisichague mwenyewe.